Safu ya Aliyeona

Jumamosi ya pili ya Oktoba, Visiwa vya Faroe.
Upepo umegeuka tangu usiku, unatoka kusini-mashariki,
na mimi nimepiga magoti mbele ya jiwe.

Watu saba nyuma yangu, mabuti yamelowa.
Nawaonyesha magamba ya kijivu yaliyong'ang'ania mwamba,
yale yasiyo kuvu wala mwani, bali ndoa ya hao wawili,
na jinsi yanavyotambaa: upana wa ukucha kwa miaka kumi.
"Inameni," nasema. "Tumieni lenzi."
Wakainama. Hata Tóra, daktari wa meno,
aliyezoea kuinamia vitu vidogo kwa malipo.

Sunnvør hakuinama.
Goti lake la kulia lina chuma ndani;
alikuja kwa kuwa hospitali ilimwandikia matembezi
kama vidonge, kutwa mara moja, baada ya chakula.
Miaka thelathini na minane alikata vichwa vya samaki kiwandani.
Ndege, kwake, ni kelele za asubuhi.
Alisimama akilitazama zizi la Hjalgrím na lundo la samadi,
maana hapakuwa na kingine cha kutazama.

"Yule naye ni nani?" akauliza.
Sikugeuka. Nilidhani ni mtu.
"Amevaa kofia."
Nilikuwa katikati ya sentensi kuhusu chumvi na mawe,
na mimi sentensi yangu siikati.
"Sasa kaivua."

Nilipogeuka
kitu cheusi na cheupe kilipepesuka juu ya paa la nyasi
kama kipepeo mkubwa asiyeiamini hewa.
Kisha paa tu.
Kisha ukungu.

Miaka ishirini na sita nimeibeba darubini hii;
mkanda wake umenichora shingoni alama isiyotoka.
Nimelala mashimoni mwa kondoo, nimekosa harusi ya dada yangu,
nikingojea upepo kama huu uniletee kitu.
Ukaleta.
Hudihudi,
ndege wa nchi za mizeituni na vumbi la moto,
yule ambaye hata mfalme aliwahi kuuliza yuko wapi,
ameshushwa juu ya mbolea ya Hjalgrím,
nyuma ya mgongo wangu.

Nikamhoji Sunnvør kama karani wa polisi.
Mdomo?
"Mrefu, umepinda. Sindano ya kushonea magunia."
Rangi?
"Chai ya maziwa mengi. Mabawa, pundamilia."
Na hiyo kofia?
Akafikiri. Akakunjua vidole polepole.
"Kama mtu anayefungua karata mkononi
akijua tayari ameshinda."
Kwa muda gani?
"Wa kutoa utumbo wa samaki mmoja mkubwa. Au wawili wadogo."
Kwa nini hukuniita?
"Nilikuita."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame.
Nimeinama maisha yangu yote.
Hakuna aliyeniambia kuna cha juu ya samadi,
na kwamba sharti lake ni goti bovu.

Daftari lina safu tano:
tarehe, mahali, aina, idadi, aliyeona.
Nne niliziandika mbio.
Ya tano kalamu iligoma, kwa baridi,
tuseme kwa baridi.
Niliandika jina lake. Akachungulia begani kwangu.
"Umesahau mkwaju kwenye o," akasema,
akauliza kama chai iko karibu.

Jumapili nilirudi peke yangu.
Paani, shore wawili wakigombana. Basi.
Lakini kwenye tope, kando ya lundo,
kulikuwa na matundu membamba yaliyonyooka kwenda chini,
kumi na tisa, niliyahesabu mara mbili.
Katika moja nikatia kalamu.
Iliingia mpaka kifuniko.

Hjalgrím akatokea na uma wake wa samadi,
akauliza nimepoteza nini.
Nikamwomba asilichimbe lundo leo.
"Mpaka lini?"
Sikuwa na jibu.
Akanitazama nilivyopiga magoti pale,
akautegemeza uma ukutani,
akaenda kulisha kondoo.